Milima Yetu Imetoka Wapi? Maswali Ninayoulizwa Kila Msimu Hapa Moshi

Naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na nyumbani kwangu ni Pasua, Moshi. Ndiyo, mtaa unaitwa Pasua, na kwa mada hii jina limekaa mahali pake. Maswali haya yametoka kwa watu wa kila aina: wageni wangu, wagumu (ndivyo wapagazi wetu wanavyojiita) tukiwa tunaota moto jikoni kambini, watoto wa dada yangu walio sekondari, na abiria wa daladala ambao wakishajua kazi yangu hawaninyamazii hadi nishuke. Nimeyaandika kadiri yalivyonijia. Ukikuta jibu refu, ujue swali nalipenda.

Ukoko wa dunia ndio ule ule wa sufuria?

Jina moja, mahali tofauti. Ukoko wa wali hukaa chini, jirani na moto. Ukoko wa dunia uko juu, mbali na moto, na sisi tumejenga juu yake. Ni tabaka la mwamba lililopoa na kukakamaa. Chini ya nchi kavu una unene wa kilomita 30 hadi 50 sehemu nyingi. Chini ya bahari ni mwembamba, kilomita 7 hivi. Chukua safari ya kutoka Moshi mjini hadi KIA, uwanja wetu wa ndege, isimamishe wima ielekee chini, hapo umekaribia kuumaliza. Kutoka hapo hadi katikati kabisa ya dunia zimebaki zaidi ya kilomita 6,300. Ni ganda la yai.

Kwa hiyo chini ya hapo ni moto wa majimaji?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na hata vitabuni limo, kwa zile picha zinazopakwa rangi nyekundu kana kwamba tumeelea juu ya supu. Tabaka linalofuata, ambalo wataalamu huliita mantili, ni mwamba mgumu wenye joto kali sana, ila unatiririka polepole mno. Umewahi kuona pipa la lami lililoangushwa kando ya barabara inayojengwa? Ukiipiga nyundo lami baridi inapasuka kama jiwe. Ukiiacha wiki kadhaa juani unaikuta imejimwaga. Mwamba wa huko chini una tabia hiyo, isipokuwa wiki zake ni mamilioni ya miaka. Mwamba ulioyeyuka kabisa, yaani magma, unapatikana sehemu chache tu. Sisi wa kaskazini ni miongoni mwa wenye bahati hiyo, kama ni bahati.

Nani alisema ardhi inasogea? Mbona hatuisikii?

Ukoko, pamoja na sehemu ngumu ya juu ya mantili, umevunjika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba. Kila bamba linasogea sentimita chache kwa mwaka, kasi ya kucha kuota. Nani amewahi kusikia kucha zake zikiota?

Mjerumani Alfred Wegener alilisema jambo hili hadharani mwaka 1912: kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja yakaachana. Alionyesha jinsi pwani ya Afrika na ya Amerika Kusini zinavyoshikana, na mabaki ya viumbe walewale pande zote mbili za bahari. Wenzake wengi walimcheka, kwa sababu hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Alifariki Greenland mwaka 1930 bila kuona akikubaliwa. Ilibidi ifike miaka ya 1960, sakafu za bahari zilipopimwa vizuri, ndipo mambo yakageuka. Siku hizi vipimo vya GPS vinasoma msogeo huo milimita kwa milimita.

Nguvu yenyewe ni joto la ndani. Mwamba wa moto hupanda, uliopoa huzama, kama uji unavyojizungusha sufuriani. Ila uji peke yake hautoshi. Ukingo wa bamba la bahari ukizeeka hupoa, ukawa mzito, ukaanza kuzama, na ukizama unavuta bamba zima nyuma yake. Ni kama blanketi linaloteleza kitandani usiku: kipande kilichoning'inia ndicho kinachovuta kilichobaki.

Sawa, inasogea. Kusogea tu kunaletaje mlima?

Agiza maziwa ya moto mgahawani, uyaache kidogo yashike utando. Halafu puliza taratibu kutoka upande mmoja. Utando utasogea wote kwa pamoja, na ukifika ukingo wa pili wa kikombe utakosa pa kwenda. Utajikunja: mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu, imepangana kama marinda ya sketi. Hiyo ni Himalaya. Sasa angalia upande ulikokuwa unapulizia. Pale utando umevutika, ukawa mwembamba, ukachanika, na maziwa ya chini yanachungulia. Hapo ni kwetu.

Somo hili nimelitoa mara nyingi katika mgahawa mmoja jirani na stendi, hadi mama mwenye mgahawa akaniuliza kama yale maziwa nayanywa au nayafundisha.

Huko kwenye kujikunja, kumetokea nini hasa?

Bamba la India lilisafiri kuelekea kaskazini, na miaka milioni 50 hivi iliyopita likakutana na Asia. Mabara ni mepesi kuliko sakafu ya bahari, kwa hiyo hakuna lililokubali kuzama moja kwa moja chini ya mwenzake. Yakabanana. Miamba iliyokuwa chini ya bahari katikati yao ikakunjwa, ikavunjika, vipande vikapandiana. Ndiyo maana mwamba wa kilele cha Everest, mita 8,848.86 juu ya bahari, ni wa chokaa iliyotuama majini, na ndani yake yamo mabaki ya viumbe wa baharini. India haijaacha kusukuma. Tarehe 25 Aprili 2015 mbano huo uliachia ghafla nchini Nepal kwa tetemeko la ukubwa wa 7.8, na karibu watu 9,000 wakapoteza maisha.

Andes, kule Amerika Kusini, sakafu ya bahari inazama chini ya bara, kwa hiyo wanapata mikunjo na volkano kwa pamoja. Hapa Afrika milima ya kunjamano iko pembeni: Atlas huko Morocco, Algeria na Tunisia, na ile ya Rasi kule Afrika Kusini.

Basi Kilimanjaro nao ni wa kunjamano?

Hapana, na hapa lazima niungame. Msimu wangu wa pili kazini, jioni tukiwa kambi ya Mandara, nilimweleza mgeni mmoja mzee kwamba mabamba mawili yaligongana, ardhi ikakunjamana, ukapatikana Kilimanjaro. Nilieleza kwa mikono, kwa madoido. Alinisikiliza hadi mwisho, akaokota jiwe jeusi lenye vitundu kama mkate wa kumimina, akaniwekea kiganjani. "Hili lilikunjwa wapi?" Kumbe alikuwa mwalimu mstaafu wa jiolojia. Usiku ule nilikula chakula changu kwa wagumu.

Mambo yako hivi. Afrika Mashariki ukoko haubanwi, unavutwa. Magharibi kuna bamba la Nubia, mashariki kuna bamba la Somalia, na yanaachana. Ukoko unaovutwa hupungua unene, na mwamba wa moto wa chini hupata nafasi ya kupanda. Unapopanda, uzito uliokuwa umeukandamiza unapungua. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wakidhani kuna moto umekolezwa mahali. Hakuna aliyekoleza moto. Mwamba unayeyuka kwa sababu umepunguziwa mgandamizo.

Fikiria maharage kwenye presha kuka. Maji ya ndani yamevuka nyuzi 100 lakini yametulia, kwa sababu yamebanwa. Mtu akifungua kifuniko kabla ya wakati (usijaribu), yatachemka na kuruka hadi darini, ilhali jiko hakuligusa. Ukoko wetu ni kifuniko kinacholegezwa pole pole.

Lakini Bonde la Ufa liko Manyara. Mbona Kilimanjaro upo huku?

Swali zuri kuliko yote, na aliyeniuliza ni mtoto wa dada yangu, kidato cha pili.

Ufa unashuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya, unaingia kwetu kupitia Ziwa Natron. Kufika hapo unakutana na mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5: mnene, baridi, umeshikamana. Aliyewahi kupasua kuni anajua kinachofuata. Shoka likikuta fundo, ufa haupiti. Unakwepa, unachepuka, unagawanyika vipande viwili vitatu. Ndivyo ilivyokuwa. Mkono mmoja ukaelekea Eyasi, mwingine ukashuka Manyara, na wa tatu ukaja upande wetu kufuata bonde la Pangani. Badala ya ufa mmoja ulionyooka tukapata eneo pana lililochanika huku na huku, na magma ikatoka ilipopata upenyo. Ukipanga volkano kuanzia Ngorongoro, Monduli, Meru hadi Kilimanjaro unapata mkanda unaokata kutoka magharibi kwenda mashariki.

Ngorongoro yenyewe ilikuwa mlima mkubwa. Chumba cha magma cha chini kilipokwisha, paa likakosa nguzo, likaporomoka ndani. Leo wageni wanalipa kuingia kwenye shimo ambalo kuta zake zina mita 600 hivi, wanaangalia faru.

Shira, Mawenzi na Kibo: ni milima mitatu au mmoja?

Ni volkano tatu zilizojengwa juu ya ufa mmoja, zikakua hadi zikashikana miguu. Shira ilitangulia, miaka milioni 2.5 hivi iliyopita, ikachoka mapema, ikaporomoka. Unapopita uwanda wa Shira kwa njia ya Londorosi unatembea ndani ya mlima uliokufa. Mawenzi na Kibo walianza miaka milioni moja hivi iliyopita.

Wachagga wana hadithi yao kuhusu Mawenzi kuchongoka vile. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake, kila ukizimika anakwenda kwa Kibo kuomba makaa. Siku moja Kibo akachoka, akashika mchi, akamtwanga. Kwa mtu aliyeambiwa aeleze umbo lile bila vifaa, naona wazee walifanya kazi nzuri. Kilichomtwanga Mawenzi ni mvua, barafu na upepo kwa miaka mingi baada ya moto wake kuzimika kweli. Udongo na mawe laini viliondoka. Zilizobaki ni kuta za magma iliyogandia ndani ya nyufa, ngumu kama chuma, zimesimama mita 5,149.

Kibo alichelewa kulala, ndiyo maana bado ana umbo la mviringo. Kiasi cha miaka 350,000 iliyopita alimwaga lava (ndilo jina la magma ikishatoka nje) ambayo utaikanyaga ukipanda. Ukiwa Lava Tower, huku unapumua kwa tabu, inama uangalie mawe. Ni meusi au ya kijivujivu, na ndani yake zimetapakaa punje za rangi ya maziwa, kubwa kama kucha ya kidole gumba, zimechongwa pembe nne kama uru ya karata. Nasema uru ya karata, si Uru ya Moshi Vijijini. Punje zile zilikuwa zinakua taratibu ndani ya magma ikiwa bado chini, kabla haijatoka. Wageni wanapita wakipiga picha mnara; mimi huwashika mkono wapapase jiwe kwanza.

Utalipuka lini?

Hakuna dalili kwamba utalipuka karibuni. Mara ya mwisho Kibo kutoa lava ni kati ya miaka 150,000 na 200,000 iliyopita. Lakini hajafa, amelala. Ndani ya kreta ya Reusch, karibu na lile shimo la majivu, bado kuna nyufa zinazotoa hewa ya moto, na upepo ukikugeukia unanusa harufu ya kiberiti. Wanaopiga kambi kwenye kreta wananiambia wanalala wakiiota.

Meru ulikatwa na nini?

Mkazi wa Arusha huuona mgongo wa Meru, umeinuka vizuri hadi mita 4,566, hana habari. Sisi wa Moshi tunaangalia tumbo, na tumbo halipo. Mlima ukifunguka jioni, jua likiwa linazama nyuma yake, utaona upande wetu umebomoka, umebaki kama kiti cha kuegemea.

Haukukatwa na mlipuko wa kwenda juu. Ubavu wa mashariki uliporomoka. Volkano kama Meru hujengwa kwa tabaka za lava na majivu, zimepandishwa harakaharaka na kwa mteremko mkali, kama rundo la mchanga ambalo fundi ameendelea kulimwagia juu bila kupanua chini. Ikichanganyika na maji ya ndani na mtikisiko, ubavu mzima unaachia. Wanaokadiria wengi hutaja miaka 8,000 iliyopita, maana yake watu walikuwepo Afrika Mashariki na huenda kuna waliousikia. Mawe na tope vilienea hadi kuelekea miguu ya Kilimanjaro. Vilima vidogo vidogo unavyoviona ndani ya Hifadhi ya Arusha ni vipande vya mlima, na maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde yaliyoachwa na kifusi hicho. Ukipanda Meru kupitia Miriakamba utafika mahali ukiinua kichwa unauona ukuta wa karibu mita 1,500 wima. Kofia huanguka.

Baada ya hapo Meru uliendelea kufuka, ukajenga kilima cha majivu ndani ya lile pengo. Mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa 1910, siku za Wajerumani.

Na Lengai? Kweli lava yake ni nyeusi?

Kweli. Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, ndiyo volkano pekee duniani inayotoa lava ya aina yake wakati huu. Lava ya kawaida ni ya silika na ina joto la nyuzi 1,100 hivi. Ya Lengai imejaa kaboneti za sodiamu, kwa maneno mengine ni ndugu ya magadi, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Haina mwanga mwekundu wa kutisha mchana. Inatiririka kama oili chafu ya gari, na baada ya kupoa na kupata unyevu hugeuka nyeupe, hadi watu wa mbali wanadhani kileleni kuna theluji.

Mwaka 2007 ilituonyesha kazi yote kwa mpangilio. Julai matetemeko yalianza mfululizo. Kubwa lao, la tarehe 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilisikika Arusha hadi Nairobi. Chini ya mlima Gelai, jirani ya Lengai, magma ilikuwa inajipenyeza kwenye ufa ikiupanua, ila haikufika juu. Septemba Lengai yenyewe ikalipuka, ikarusha majivu kwa miezi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa msingi. Nakumbuka mabati ya darasa yakilia bila mvua, na sote kuruka dirishani kabla mwalimu hajasema neno.

Milima ya Pare na Usambara nayo ni volkano?

La. Hiyo ni aina ya tatu: ukoko ukivutwa hukatika mapande, pande moja likashuka, la jirani likabaki juu au likapandishwa. Ni kama matofali ya bloku yaliyopangwa kwenye ardhi inayotitia, moja linazama, lingine linabaki. Ndiyo maana Upare unaonekana umesimama kama ukuta mrefu kando ya barabara ya Same, hauna umbo la kichuguu. Uluguru ni vivyo hivyo. Rwenzori ya Uganda na Kongo, mita 5,109, nayo si volkano, ni bloku lililopandishwa hadi kwenye theluji.

Ila umri wa mlima na umri wa mawe yake ni mambo mawili. Mawe ya Pare ni ya kale kupita kiasi. Hilo linatupeleka Mererani.

Tanzanite inahusiana nini na milima?

Kila kitu. Tazama, nimesema hapa kwetu ukoko unavutwa. Unavutwa *sasa*. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yaligongana palepale tulipo, Afrika ya magharibi na vipande vya mashariki vikiungana kuwa bara moja kubwa, Gondwana. Kulikuwa na milima ya kunjamano ikipita hapa kutoka kaskazini hadi Msumbiji. Nani ajuaye urefu wake.

Milima hiyo haipo. Imeliwa na mvua hadi chini, punje kwa punje, na kilichobaki ni mizizi, ile miamba iliyokuwa kilomita nyingi ndani ikipikwa kwa joto na kubanwa hadi madini yake yakabadilika. Humo ndimo ilimozaliwa tanzanite. Rangi yake ya bluu inatokana na vanadiamu kidogo iliyonaswa ndani. Iligunduliwa mwaka 1967, na hadi leo inachimbwa eneo moja tu duniani, vilima vya Mererani, kutoka KIA si mbali.

Kwa hiyo wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite, wanaposhuka shimoni na tochi kichwani, wanachimba kwenye mizizi ya Himalaya ya kale. Na wakipanda juu jioni, wakikung'uta vumbi jeusi la kinywe (grafiti), wakigeuza shingo kaskazini-mashariki wanaiona Kibo, mtoto wa juzi. Mgongano na mvutano, vyote viwili, mtu anavitazama akiwa amesimama mahali pamoja. Sijui kama kuna mahali pengi duniani pa namna hiyo. Mimi nilimjua yule mwalimu mstaafu kwa sababu ya jiwe lenye vitundu, lakini kilichonifanya nianze kusoma mambo haya ni Mererani.

Nimetumiwa klipu: Afrika inapasuka, nyumba Kenya zinamezwa. Ni kweli?

Ile ya 2018, ya ufa uliokata barabara karibu na Mai Mahiu? Eneo lile ni la Bonde la Ufa, sawa, lakini wanajiolojia wengi waliofika walisema mvua kubwa ndiyo iliyosomba majivu laini ya volkano chini ya ardhi, juu pakatitia. Ardhi ilipasuka kweli, ila bara halikupasuka siku ile.

Kupasuka kwenyewe kunaendelea, kimya kimya. Kaskazini mwa Tanzania ni milimita chache kwa mwaka. Tuseme 3. Tangu tupate Uhuru mwaka 1961 haijajaa rula ya sentimita 30 ya mwanafunzi. Kwa miaka milioni moja ni kilomita 3. Mara chache tu ufa huruka hatua kubwa: Septemba 2005, kule Afar, Ethiopia, ufa wa kilomita 60 ulifunguka ndani ya siku chache, sehemu nyingine kwa mita 8. Huko bahari itaingia siku moja. Huku kwetu kiwanja chako cha Njia Panda kina hati salama.

Kilimanjaro bado unakua? Na theluji ikiisha utafupika?

Haukui. Hakuna lava mpya, na mvua inaendelea kuupunguza. Ukisikia namba mbili tofauti, 5,895 na 5,892, usidhani mlima umeshuka mita tatu: ya kwanza ni ya vipimo vya 1952, ya pili ya GPS ya 1999, vyombo tu vimebadilika. Kibao cha kileleni kimebaki na 5,895 na mimi sina ugomvi nacho.

Theluji, hapana. Kilele cha Uhuru ni mwamba. Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na hilo linauma macho, ila urefu haubadiliki.

Tunafaidika nini kuishi juu ya volkano?

Mgomba. Kahawa. Udongo wa majivu ya volkano ukishaoza una madini ya kutosha kulisha kihamba kimoja (shamba la ukoo la Wachagga) vizazi vitano, na mwamba wenye matundu unahifadhi maji ya mvua yanayokuja kutokea chemchemi chini huku.

Hasara ipo pia. Mawe ya Meru yana floraidi nyingi, na maji yakipita humo yanaibeba. Watoto waliokulia vijiji vya kuzunguka Meru wengi wana meno ya kahawia, wengine mifupa inapinda. Floraidi haina ladha wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Dawa mojawapo ni chujio la mkaa wa mifupa, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi hiyo miaka mingi. Ukinunua kiwanja upande ule, pima maji ya kisima kabla ya kuanza kupigia hesabu tofali.

Bibi yangu anasema milima imewekwa na Mungu, ninyi mnapoteza muda.

Shikamoo yake. Mimi sijasema nani ameiweka, nimeeleza ilivyowekwa. Bibi yangu mimi alikuwa akiamka, anageukia Kibo kabla ya kuosha uso, na sikuwahi kumsahihisha.

Tetemeko likitokea tukiwa juu mlimani?

Ondoka chini ya ukuta wa mawe, hasa Barranco na chini ya Mawenzi, simama mahali peupe, usikimbie kuteremka. Nyumbani, kaa mbali na kabati na madirisha, jifunike chini ya meza imara. Tetemeko la Bukoba la Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, sawa na lile la Gelai. Kule lilitokea jirani na mji wenye nyumba za matofali yasiyofungwa vizuri, watu wakafa. Gelai ni pori. Namba moja, msiba tofauti.

Sina hela ya kupanda mlima. Nifanyeje nione haya kwa macho?

Hela ya basi inatosha. Siku moja nenda Ziwa Chala, Rombo, uone shimo la volkano lililojaa maji ya bluu; njiani hesabu vilima vya duara vilivyopangana mstari, kila kimoja ni tundu ambalo Kilimanjaro ulipumulia ubavuni. Ukienda Mto wa Mbu, ule ukuta unaopandwa na magari ya Karatu ndio mdomo wa ufa.

Ukiwa na siku moja tu, panda gari la Same asubuhi kabla mawingu hayajashuka, uteremkie Mwanga. Upare utakuwa umekusimamia mashariki, mwamba wa mgongano wa kale uliopandishwa na mvutano wa sasa. Magharibi ni uwanda ulioshuka, na siku ya hewa safi utaona bwawa la Nyumba ya Mungu likimeta. Ukigeuka ulikotoka, ni Kibo. Pale stendi kuna mama anauza maziwa ya moto. Mwambie asiyakoroge.